Mwashi, Seremala na Polisi: Habari za Mashindano ya Makasia

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka kuwaeleza habari za mchezo mmoja wa majini, nao ni mashindano ya kuvuta makasia, mtu mmoja katika chombo kimoja, kama yafanywavyo katika Michezo ya Olimpiki. Michezo hiyo, kama wengi wenu mjuavyo, hukusanya watu wa mataifa mengi kila baada ya miaka minne, washindane kukimbia, kuruka, kuogelea, kupigana ngumi na mengineyo. Lakini sitawaeleza habari za mbio na nguvu za mikono tu. Nitawaeleza hasa habari za swali moja lililowasumbua watu wa mchezo huu kwa muda wa karibu miaka sitini, nalo ni hili: Je, mtu afanyaye kazi ya mikono ili apate riziki yake, ni muungwana au si muungwana? Swali hili lilibishaniwa sana katika mabaraza ya wakubwa, lakini jibu lake lilitoka kwa mwashi, na seremala, na polisi, nao walilijibu juu ya maji.

Kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Watu wa pwani na watu wa maziwa makuu wanajua tofauti ya kafi na kasia. Mwenye kafi hutazama mbele, kule aendako, naye hulishika kafi lake kwa mikono miwili bila ya kulifunga po pote. Mwenye kasia hukaa akielekea tezi, mgongo wake ukiwa upande wa omo, na kasia lake hushikwa na kishwara ubavuni mwa chombo. Basi mashindano haya ni ya makasia. Kila mtu ana makasia mawili, moja mkono wa kuume na moja mkono wa kushoto, wala haoni aendako. Huona alikotoka tu. Kwa hiyo aliyetangulia huwaona wenziwe wote mbele ya macho yake, na yule aliye nyuma ya wote hamwoni mtu.

Urefu wa chombo hiki ni kama futi 27, lakini upana wake pale kinapogusa maji haupati hata futi moja. Ni chepesi sana, hata mtu mmoja aweza kukichukua begani mpaka majini. Kwa kuwa ni chembamba hivi, makasia hayawezi kushikwa ubavuni mwake, bali hushikwa na vyuma vilivyotokeza nje pande zote mbili. Asiyekijua aweza kudhani kwamba vyuma hivyo ni kama matengo ya ngalawa, ambayo huizuia isipinduke. Sivyo. Chombo hiki hakina cha kukizuia ila makasia yenyewe, na mvutaji akiyaachia mara moja huingia majini. Tena kiti chake kina magurudumu madogo, nacho huteleza mbele na nyuma, ili mvutaji atumie nguvu za miguu yake pamoja na mgongo na mikono. Watu wengi hufikiri kwamba mchezo huu ni wa mikono. Lakini mwenye kuujua atawaambia kwamba nguvu kubwa hutoka miguuni.

Mwendo wa mashindano katika Michezo ya Olimpiki kwa kawaida ni meta 2,000, yaani kama maili moja na robo. Mtu hodari huumaliza kwa muda wa dakika saba hivi, naye huvuta makasia yake zaidi ya mara mia mbili. Katika chombo cha watu wanane, mmoja akichoka, wenziwe saba waweza kumchukua. Katika chombo cha mtu mmoja hakuna wa kumchukua mtu. Akishinda, ameshinda yeye. Akishindwa, hana wa kumlaumu.

Sasa na tutazame mchezo huu ulikoanzia. Katika mji wa London unapita mto mkubwa uitwao Thames. Zamani, kabla ya madaraja kuwa mengi, watu waliotaka kuvuka au kwenda upande mwingine wa mji walichukuliwa na mashua za watu ambao kazi yao ilikuwa kuvuta makasia kwa ujira. Walikuwa watu maskini, lakini walikuwa na chama chao na desturi zao, na kijana hakupewa ruhusa ya kuchukua abiria mpaka amalize miaka yake ya kufundishwa. Mwaka 1715 mchezaji mmoja wa michezo ya kuchekesha, Thomas Doggett, aliweka zawadi ya koti na beji ya fedha, ishindaniwe na vijana waliotoka tu katika mafundisho hayo, kutoka London Bridge mpaka Chelsea. Mashindano hayo yanafanywa hata leo. Basi mnaona kwamba wafanya kazi hawakuja baadaye kuingia katika mchezo huu. Wao walikuwamo tangu mwanzo.

Baadaye wana wa watu wenye mali, katika shule kubwa na vyuo vya Oxford na Cambridge, waliupenda mchezo huu. Mwaka 1839 watu wa Henley, mji mdogo ulio kando ya mto ule ule wa Thames, walianzisha mashindano yao ya kila mwaka, nayo yakapata sifa kubwa. Mwaka 1844 ikawekwa zawadi ya mtu mmoja mmoja, iitwayo Diamond Sculls. Kwa muda wa miaka mingi, mvutaji wa makasia wa nchi yo yote hakuona sifa kubwa kuliko kuipata zawadi hiyo.

Wakati huo huo palikuwa na mashindano mengine, ya watu waliovuta makasia kwa fedha. Maelfu ya watu walikuja kuyatazama, na wengi walipinga kwa fedha nyingi, huyu akisema fulani atashinda, na yule akisema fulani mwingine. Mwaka 1880 Edward Hanlan wa Kanada alimshinda Edward Trickett wa Australia katika mto Thames, na habari za siku ile zilienea katika nchi nyingi. Lakini penye fedha nyingi hapakosi hila. Wengine waligonga vyombo vya wenzao kusudi, na wengine walishukiwa kwamba walikubali kushindwa ili wagawane fedha na waliopinga.

Wakubwa wa Henley waliona hila hizi wakataka kuulinda mchezo wao. Haja hiyo ilikuwa njema, wala si haki kuwalaumu kwayo. Lakini angalieni jinsi walivyofanya. Mwaka 1879 waliandika sheria ya kueleza ni nani awezaye kushindana kwao. Walimkataza mtu aliyepata kushindana kwa fedha, na mtu aliyefundisha mchezo kwa ujira, na mtu ambaye kazi yake ni ya mashua. Kama wangekomea hapo, pengine pasingekuwa na maneno mengi. Lakini waliongeza jambo jingine: walimkataza pia mtu ye yote ambaye kazi yake ya mshahara ni ufundi wa mikono, au kazi ya kibarua. Chama cha makasia cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1882, kilishika sheria ya namna hiyo hiyo.

Fikirini maana yake. Mwashi ambaye hakupata kupokea hata senti moja kwa kuvuta makasia alihesabiwa pamoja na wale waliofanya hila kwa ajili ya fedha. Walioitetea sheria walisema kwamba mtu afanyaye kazi ngumu mchana kutwa hupata nguvu za mwili kuliko karani au mwanafunzi, na kwa hiyo si haki kuwashindanisha. Neno hili lilikuwa na sura ya haki, lakini halikuwa haki. Mwenye kuinua matofali tangu asubuhi hata jioni hupata nguvu, ni kweli, lakini hupata na uchovu. Na yule mwenye nafasi ya kujizoeza mtoni kila siku bila kuhangaikia chakula ana faida iliyo kubwa zaidi.

Walikuwapo Waingereza walioukataa ubaguzi huu tangu mapema. Mmoja wao alikuwa Dakta Frederick Furnivall, mwanachuoni mkubwa wa lugha ya Kiingereza, aliyependa sana kuvuta makasia pamoja na watu wa kazi. Mwaka 1890 kilianzishwa chama cha pili cha makasia, naye Furnivall alikuwa mbele katika jambo hilo. Chama hicho kiliwakubali mafundi na vibarua, mradi wasishindane kwa fedha. Basi kwa muda mrefu Uingereza ilikuwa na vyama viwili vya mchezo mmoja, katika mto mmoja.

Michezo ya Olimpiki ya siku hizi ilianza huko Athens mwaka 1896. Mashindano ya makasia yaliandaliwa, lakini bahari ilichafuka yakaachwa. Yalifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1900, katika mto Seine huko Ufaransa, na Mfaransa Hermann Barrelet akashinda katika vyombo vya mtu mmoja. Mwaka 1908 michezo ilipofanywa London, mashindano ya makasia yalipelekwa Henley, naye Harry Blackstaffe akashinda. Alikuwa mtu wa miaka 40, mwenye kazi ya kuuza nyama, naye alimshinda kijana aliyekuwa karibu nusu ya umri wake. Lakini sheria ilikuwa ikimtazama hasa yule apokeaye mshahara kwa kazi ya mikono, na watu hao walikuwa bado nje ya mlango.

Sasa nafika kwa yule mwashi. Jina lake ni John Kelly, aliyezaliwa mwaka 1889 katika mji wa Philadelphia, Marekani. Wazazi wake walitoka Ireland, nao walikuwa na watoto kumi. Kelly alijifunza kujenga kwa matofali, na baada ya kazi alikwenda mtoni kuvuta makasia. Vita Kuu ya kwanza ilipotokea aliingia jeshini, na vita vilipokwisha alirudi katika matofali yake na makasia yake. Mwaka 1920 alikuwa bingwa wa nchi yake, akaomba kushindana Henley kwa ajili ya Diamond Sculls. Alikuwa amekwisha fanya tayari safari yake ndipo alipopata habari kwamba amekataliwa.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ugomvi wa zamani kati ya Henley na chama chake cha Philadelphia, kiitwacho Vesper. Watu wa Vesper walikuja Henley mwaka 1905, na baadaye walishitakiwa kwamba safari yao ililipwa kwa fedha zilizochangwa na watu wa mji, kinyume cha sheria; kwa hiyo chama kilikatazwa. Sababu ya pili ni kwamba Kelly alikuwa amefanya kazi ya mikono. Lakini ile sababu ya kwanza ilisahauliwa upesi, na ile ya pili ikazungumzwa ulimwenguni kote. Watu walisema kwa ufupi: Kelly amekataliwa kwa kuwa ni mwashi.

Kelly hakukaa kulalamika. Mwaka huo huo Michezo ya Olimpiki ilifanywa Antwerp, nchi ya Ubelgiji, na mashindano ya makasia yalikuwa katika mfereji wa meli uendao Brussels, karibu na mji wa Vilvoorde. Haikuwa mahali pazuri. Kandokando palikuwa na viwanda, wala hapakuwa na majani mabichi na bustani kama za Henley. Siku ya mwisho, tarehe 29 Agosti, Kelly alikutana na Mwingereza Jack Beresford, kijana wa miaka 21, ambaye ndiye aliyeipata Diamond Sculls mwaka ule ule, katika mashindano yale aliyokataliwa Kelly.

Beresford hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikuwa askari vitani, akapigwa risasi mguuni mwaka 1918. Baba yake naye alikuwa mvuta makasia mashuhuri, mwenye kazi ya kutengeneza viti na meza na makabati, na Beresford alifanya kazi katika biashara hiyo. Hapo mwaweza kuiona ajabu ya ile sheria. Mwenye karakana alikuwa muungwana. Aliyeshika randa ndani ya karakana hiyo kwa mshahara hakuwa muungwana.

Kelly alikuwa mzito na mwenye nguvu zaidi. Beresford alikuwa mwepesi, lakini hodari na mwenye moyo. Vyombo viwili vilifuatana kwa karibu sana, na hata walipokaribia mwisho ilikuwa vigumu kusema nani atashinda. Kelly alifika kwa dakika 7 na nukta 35. Beresford alifika kwa dakika 7 na nukta 36. Nukta moja tu, wasikilizaji, baada ya maili moja na robo. Wote wawili walikuwa wamekwisha nguvu kabisa. Tena hata saa moja haikupita, Kelly akaingia katika chombo cha watu wawili pamoja na binamu yake Paul Costello, wakashinda vile vile. Siku moja, nishani mbili za dhahabu.

Watu hupenda kusimulia kwamba Kelly aliichukua kofia yake ya kuvutia makasia, ikiwa imelowa jasho, akaipeleka kwa Mfalme wa Uingereza pamoja na salamu za mwashi. Hiyo ni hadithi ya kuchekesha, na watu wa kazi waliipenda kwa sababu ilisema yaliyokuwa moyoni mwao. Lakini salamu iliyo kubwa zaidi ilikuwa ile ya nukta moja pale mferejini.

Beresford naye hakukata tamaa. Mwaka 1924 alishinda katika chombo cha mtu mmoja huko Paris, akaendelea katika Michezo ya Olimpiki mpaka mwaka 1936, akipata jumla ya nishani tano, tatu kati yao za dhahabu. Kelly na Costello walishinda tena Paris katika chombo cha watu wawili. Baadaye Kelly alikuwa na kampuni kubwa ya ujenzi akatajirika, lakini hakuficha kamwe kwamba alianza na mwiko na matofali.

Baada ya mwashi akaja seremala. Henry Robert Pearce, aliyeitwa Bobby, alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1905, katika jamaa ya wavuta makasia. Mwaka 1928 alikuja Ulaya kwa Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, akataka kushindana Henley pia. Akajibiwa kama Kelly alivyojibiwa: seremala hawezi kukubaliwa.

Huko Amsterdam lilitokea jambo ambalo watu wanalikumbuka zaidi kuliko ushindi wenyewe. Katika moja ya mashindano ya kwanza, Pearce alikuwa ametangulia mbele ya Mfaransa Vincent Saurin. Ghafula akasikia watu ukingoni wakipiga makelele na kumwonyesha kitu mbele yake. Nimekwisha waeleza kwamba mwenye kasia haoni aendako; basi Pearce akageuza kichwa. Akaona bata na vifaranga vyake wanavuka mfereji kwa msitari, mbele ya omo ya chombo chake. Angeweza kupita juu yao, na hakuna sheria ya kumzuia. Pearce alisimamisha makasia, akangoja bata na watoto wake wapite. Saurin akampita. Hata vifaranga walipokwisha vuka, Pearce akaanza tena kuvuta, akamfikia mwenziwe, akamwacha mbali. Katika mashindano ya mwisho alimshinda Kenneth Myers wa Marekani akapata dhahabu.

Nawaomba mfikiri kidogo hapa. Wakubwa wa Henley walisema kwamba mtu huyu si muungwana. Lakini mtu ambaye amesafiri kutoka upande wa pili wa dunia kuja kutafuta ushindi, naye akasimama katikati ya mashindano ili asiwaue vifaranga wa bata, mtamwita nani? Wahenga wetu walilijibu swali hili zamani: Muungwana ni kitendo.

Pearce alirudi kwao wakati wa dhiki kubwa ya kazi, wakati mafundi wengi hawakuwa na la kufanya, naye pia alikosa kazi ya useremala. Mwaka 1930 alikwenda Hamilton, nchi ya Kanada, kwa mashindano ya nchi za Dola ya Kiingereza, akashinda. Tajiri mmoja mwenye biashara ya wiski akampa kazi ya kumwuzia wiski katika Kanada, na Pearce akahamia huko. Basi mwaka 1931 aliomba tena kushindana Henley, na safari hii alikubaliwa, akaichukua Diamond Sculls bila shida. Mikono yake ilikuwa ile ile, na makasia yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliuza wiski, wala hakutengeneza milango. Ikiwa sheria yamwona mwuza ulevi kuwa bora kuliko mjenga nyumba, basi hapana budi sheria hiyo itazamwe upya. Mwaka 1932, huko Los Angeles, Pearce alishinda tena katika Olimpiki, naye ndiye wa kwanza kushinda mara mbili kwa kufuatana katika chombo cha mtu mmoja.

Baada ya seremala wakaja polisi. Mwaka 1936 Australia ilipeleka watu wanane wa makasia kwa Michezo ya Olimpiki ya Berlin. Wote walikuwa polisi wa jimbo la New South Wales. Walipotaka kushindana Henley kwanza, walikatazwa, kwa sababu kazi ya polisi ilihesabiwa kuwa kazi ya mikono. Jambo hili liliwatia aibu Waingereza wengi. Polisi ndiye mlinzi wa sheria. Yawezekanaje kusemwa kwamba heshima yake haitoshi kuvuta kasia? Mwashi alikataliwa, wakanyamaza. Seremala alikataliwa, wakanyamaza. Lakini polisi walipokataliwa, maneno ya sheria hayakuweza kutetewa tena. Mwaka 1937 yale maneno ya kuwataja mafundi na vibarua yalifutwa. Aliyevuta makasia kwa fedha aliendelea kukatazwa, kama ilivyokuwa haja ya kwanza. Lakini kazi ya mikono haikuwa tena dhambi.

Vita Kuu ya pili ilipita, na mwaka 1946 akatokea Henley kijana mmoja Mmarekani, jina lake John Kelly, mwana wa yule mwashi. Baba yake alikuwa amemzoeza tangu utotoni, akiwa na shabaha moja moyoni. Mwaka huo kijana alishindwa na Mfaransa katika mashindano ya mwisho. Mwaka 1947 alirudi, akaipata Diamond Sculls, na mwaka 1949 akaipata tena. Pale pale mlangoni palipofungwa mbele ya baba, mwana aliingia mara mbili akatoka na zawadi.

Mwaka 1948 Michezo ya Olimpiki ilirudi London, na mashindano ya makasia yakapelekwa tena Henley, kama mwaka 1908. Kijana Kelly alikuwamo, lakini alishindwa na Eduardo Risso wa Uruguay kwa kiasi kidogo sana, asifike mashindano ya mwisho. Je, ni nani aliyeshinda? Alishinda Mervyn Wood wa Australia, ambaye mwaka ule ule alikuwa amekwisha ichukua na Diamond Sculls. Naye Wood alikuwa polisi. Tena alikuwa mmoja wa wale polisi wanane waliokatazwa kushindana Henley mwaka 1936. Katika maji yale yale, baada ya miaka kumi na miwili, alipewa nishani ya dhahabu mbele ya mataifa yote. Hapakuwa na haja ya kusema neno.

Tangu siku hizo mambo mengi yameendelea. Mwaka 1956 vile vyama viwili vya Uingereza viliungana vikawa kimoja. Mwaka huo huo, katika ziwa la Wendouree huko Australia, kijana wa Kirusi Vyacheslav Ivanov, mwenye umri wa miaka 18, alishinda, akarusharusha nishani yake kwa furaha hata ikaanguka ziwani ikapotea; akapewa nyingine. Yeye alishinda tena mwaka 1960 na 1964. Katika mashindano hayo ya 1956 mwana wa Kelly alipata nishani ya tatu, akampa dada yake Grace, aliyekuwa ameolewa mwaka ule na mtawala wa Monaco. Hivyo binti wa mwashi akaingia katika jumba la kifalme. Baadaye Pertti Karppinen wa Finland, ambaye kazi yake ilikuwa ya kuzima moto, alishinda mara tatu, mwaka 1976, 1980 na 1984, wala hakuna aliyemwuliza kama kazi yake ni ya kiungwana. Na mwaka 2008, huko Beijing, Kenya nayo ilikuwa na mtu wake katika mashindano haya, Matthew Lidaywa Mwange. Hakupata nishani, lakini aliingia mlango ulio wazi.

Wasikilizaji, natumaini mmeona kwa nini nimewaeleza habari za mbali hivi. Ile sheria haikuandikwa na watu wabaya. Iliandikwa na watu waliotaka kuilinda heshima ya mchezo wao, lakini waliitafuta heshima mahali isipokuwapo. Waliitazama kazi ya mtu badala ya kutazama mwenendo wake. Makosa ya namna hii hayako Henley peke yake. Yako mahali pengi, katika shule, katika vijiji, na hata katika nyumba zetu, kila mara kijana anapomdharau baba yake kwa kuwa hushika jembe, au karani anapomwona fundi kuwa si mwenziwe. Mwashi ndiye aliyejenga nyumba anamokaa karani, na seremala ndiye aliyemtengenezea kiti.

Maji hayamwulizi mtu kazi yake. Humwuliza kama amejizoeza, kama ana subira, na kama atavuta kwa uaminifu mpaka mwisho. Kelly alijibu kwa nukta moja, Pearce alijibu kwa kuwangoja bata, na Wood alijibu kwa kurudi.